Nyekundu ya Mapendo

Siku ambayo mpaka leo ikinijia natazama vidole vyangu, mwanangu Tausi, ni ile ambayo mama mwenye nyumba ya wageni kule ufukweni aliigusa picha yangu, akaona vidole vyake vimegeuka rangi ya chungwa, akavinusa, kisha akaniuliza kwa upole, "Binti, hii mbona inanukia mboga?"

Nitaifikia siku hiyo. Kwanza nikueleze kwa nini nakuandikia.

Sijafika hata thelathini, sina mvi, na cheti changu cha chuo bado kiko ndani ya bahasha kilimokuja. Najua si umri wa kutoa nasaha. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto, kwa hiyo nakuita mwanangu na hakuna wa kunizuia. Juzi ulinipigia simu kutoka Mwandiga ukasema huongei tena na Rehema, rafiki yako wa tangu darasa la kwanza, kwa sababu amechaguliwa yeye kughani shairi siku ya mahafali na wewe umeachwa. Nikakujibu kwamba mtapatana tu. Nilipokata simu nilijilaumu kutwa nzima, maana hilo halikuwa jibu. Lilikuwa njia ya kukimbia. Ugonjwa ulionao ninao mimi, na sijapona.

Rafiki yangu Mapendo unamjua. Ndiye anayekuja kula Idi kwetu, anayekuchekesha kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa. Familia yao ilitoka Baraka, upande wa Kongo, yeye akiwa mtoto wa kuanza shule, ikahamia Kasingirima jirani na sisi. Tulikaa dawati moja. Tukaenda chuo kimoja Dar es Salaam kusomea sanaa, tukarudi na treni moja, na Bibi Mkubwa, mama yake mama yetu, akatupa stoo yake ya nyuma pale Ujiji iliyokuwa ikiwekwa nyavu. Tukatoboa madirisha, tukapaka kuta chokaa, kila mtu akachukua ukuta wake.

Picha zetu unazijua pia. Si za mtu wala mtumbwi wala tembo. Ni rangi juu ya rangi, na anayetazama anajitafutia mwenyewe. Miezi ya mwanzo Bibi alidhani tunapaka rangi ya chini tu, na kwamba picha zenyewe zinakuja.

Sasa, Mapendo alikuwa na nyekundu yake. Chini aliweka buluu nzito, karibu na nyeusi. Juu yake akaikalisha nyekundu ambayo haikuwa ya damu wala ya kitambaa. Ilikuwa na joto, kama mawese yanapoanza kuchemka na kutoa povu pembeni ya sufuria. Ungeingia stoo ile kutafuta ufagio, ungesimama. Kuna fundi bomba aliyekuja siku moja kuziba bomba la uani, akapita ndani, akasimama mbele ya ile picha akiwa na spana mkononi. Akasema, "Hii inanikumbusha kitu, ila sijui ni nini." Kisha akageukia ukuta wangu. "Na hii je?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu, mwanangu, habari za nafasi na mizani na mvutano wa rangi. Aliitikia kwa adabu yote, akarudi kwenye bomba lake.

Watu hudhani wivu unakuja na sura ya chuki. Kwangu ulikuja na sura ya uchunguzi. Nilimpenda Mapendo kama ninavyompenda leo, lakini akisifiwa nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na nikifika nyumbani nilianza kumchambua. Ni brashi zake? Nikanunua kama zake. Ni kanvasi? Nikakata kutoka jora lilelile. Nikafikiri labda ukuta wake unapata mwanga mzuri, nikamwomba tubadilishane kuta, nikasingizia macho yananisumbua. Alikubali bila swali, akanisaidia kuhamisha hata misumari. Nyekundu ikahamia ukuta wangu wa zamani na kuwaka vilevile.

Kitu kimoja tu sikukifanya. Kitakuja chenyewe.

Wakati huo yule mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amemaliza kujenga ukumbi wa chakula unaotazama ziwa, akataka picha moja kubwa ya kuweka ukuta wa mbele. Akatuambia kila mmoja alete yake, atachagua mbele ya wageni wake. Baba alikuwa ameshanitafutia kazi ya ukarani, na alikuwa akiniuliza kila tukila nitakwenda lini. Nikajiwekea ahadi ambayo sikumwambia mtu. Picha yangu ikikataliwa, nafunga brashi, naenda ukarani, na Mapendo simtazami tena usoni. Ahadi ya kijinga, lakini niliibeba kama kitu kitakatifu.

Ndipo nikaiona chupa. Ilikuwa chini ya meza ya Mapendo, katikati ya brashi zake: chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa mawese, imebaki nusu. Nikaitazama ile chupa, nikaitazama ile nyekundu, nikajua. Au nilidhani najua, na kwangu mimi hivyo viwili havijawahi kuwa mbali.

Nilimwambia Mapendo nitafanyia kazi chumbani kwa Bibi kwa sababu ya kelele. Stoo ile haikuwa na kelele yoyote. Nikanunua mawese mapya, mekundu hasa, nikayachanganya na rangi zangu za mafuta, nikachora picha kubwa kuliko zote nilizowahi kuchora. Ilipokuwa mbichi ilikuwa nzuri, sikudanganyi. Nilikaa mbele yake nikasema moyoni, haya, Mapendo, tuone sasa.

Mtoto yeyote wa Kigoma anajua mawese hayakauki. Yakikudondokea kwenye sketi ni mpaka sabuni. Sufuria yake ukiiacha bila kuosha, ukirudi baada ya siku nyingi vidole vinateleza kama jana. Nimeyajua hayo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimeshughulika mno na kilichomo kwenye mkono wa mwenzangu hata nikasahau kilichomo jikoni kwetu. Nikaitoa picha juani, ikazidi kulainika. Nikairudisha kivulini, ikabaki vilevile. Sisimizi wakaja kwa mstari, wakapanda juu ya fremu, nikawa nawafukuza kwa upepeo. Siku ya kuipeleka ilipofika, nikaifunika kwa kitenge kizuri cha Bibi bila kumwomba, nikajiambia labda njiani upepo utasaidia.

Mapendo ndiye aliyenisaidia kuishusha kutoka kwenye bajaji. Alishika upande wa pili, akanusa, akanitazama.

Ukumbini picha yake iliwekwa kwanza, watu wakanyamaza kama wanavyonyamaza siku zote mbele ya nyekundu ile. Kisha nikaitwa mimi. Nikashika pindo la kitenge, nikavuta, kitenge kikakataa. Nikavuta tena. Kikaja taratibu na nusu ya rangi yangu, na pale kilipotoka kikaacha mikunjo yake na maua yake yamechapwa kwenye kanvasi. Ndipo mama mwenye nyumba akasogea, akagusa, akauliza lile swali la mboga.

Mgeni mmoja alicheka, kisha wote. Mapendo hakucheka. Alichukua mtandio wake begani, akamfuta yule mama vidole, kimoja kimoja, kama vile kosa ni lake. Hilo lilinichoma kuliko kicheko. Ilichaguliwa picha yake, kama ilivyostahili. Nikasema hongera, nikaondoka kwa miguu.

Bibi alikuwa amekaa uani. Nilimkabidhi kitenge chake bila kumtazama. Unajua anavyonitania kwa kuniita mke mwenza wake, eti babu angekuwa hai angenioa.

"Mke mwenza," akasema, amekishika kwa ncha za vidole. "Umenipikia kitenge."

"Samahani, Bibi."

"Samahani haitoi mawese. Lete beseni na sabuni ya mche. Na ukae hapa."

Nikakaa. Akaanza kufua, nami nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia habari za brashi, za ukuta, za chupa, na ile ahadi ya kuacha kuchora. Bibi alifua mpaka nikaishiwa.

"Na Mapendo alisemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Ulipomuuliza hiyo nyekundu anaipataje."

Nikatazama beseni.

"Hujamuuliza," Bibi akasema. "Mnakaa chumba kimoja, mnakula sahani moja, unahamisha kuta, unapika picha kwa mawese, na kumuuliza hujamuuliza."

"Niliona aibu, Bibi."

"Aibu gani? Ungeona aibu leo, mbele ya wageni." Akakamua pindo la kitenge, maji yakatoka rangi ya chungwa. "Nisikilize. Babu yako aliponiletea mwenzangu, Bi Hadija, alikuwa anakwenda kula kwake hata siku zisizo zake. Sifa moja tu, sombe ya Hadija, sombe ya Hadija. Nilituma watoto wakaonje. Nikapita kwake najifanya natafuta kuku aliyepotea. Nikabadili chungu, nikabadili kinu cha kutwangia majani ya muhogo, nikaongeza karanga mpaka watu wakaumwa matumbo. Miaka, mjukuu wangu. Babu yako akafa. Tukakaa eda nyumba moja, wajane wawili, hatuna pa kwenda. Nikaona sasa nina haya gani tena? Nikamuuliza: mwenzangu, ulikuwa unatia nini kwenye ile sombe?"

"Akasemaje?"

"Alinitazama kama mwendawazimu. Akasema, mbona ni sombe tu, tena mimi chumvi hunizidi. Yule mzee alikuwa anapenda kibaraza changu, kinatazama njia, anawaona wapita njia anawasalimia." Bibi akacheka, mabega yakatikisika. "Kibaraza, mke mwenza. Mimi napambana na chungu, kumbe mwenzangu ana kibaraza. Tulicheka mle ndani mpaka waliokuja kutupa pole wakashindwa waanzie wapi."

Nami nikacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha Bibi akaacha kufua, mikono ndani ya maji.

"Usiku ule ndio nililia. Sikumlilia babu yako, yeye nilishamlilia. Nililia kwa sababu yule mwanamke alikuwa mcheshi. Alikuwa mtu wa kukaa naye. Nilikuwa naye ua mmoja maisha yote, nikamkosa." Akaniangalia usoni. "Sasa usinifanye nikukemee na uzee huu. Kesho kamuulize mtoto wa watu."

Mapendo hufanya kazi alfajiri. Mimi nilizoea kufika jua likiwa juu, kwa hiyo mwanzo wa picha zake sikuwahi kuuona. Kesho yake nilikwenda mapema, nikamkuta mlangoni pa stoo, kanvasi iko magotini, imepakwa manjano tupu. Manjano, mwanangu. Chini ya ile buluu, chini ya ile nyekundu, kulikuwa na manjano ambayo hakuna aliyeyaona ila yeye.

"Shoga," nikamwambia kabla sijarudi nyuma, "ile chupa ya mawese ni ya nini?"

"Ya kuoshea mikono," akasema. "Hizi rangi ziko zinakaza ngozi, mawese inatoa yote." Kisha akaelewa. Akaweka kanvasi chini, akafunika uso kwa mikono miwili, nikaona anatetemeka kwa kicheko. "Zuhura. Weye. Ulitia mawese kwa rangi."

"Nilidhani ndiyo siri yako."

"Sasa kwa nini haukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu."

Alinielewa, maana ananijua. Ukishajibiwa huna tena cha kuchunguza, unabaki wewe na mikono yako mwenyewe. Akasimama, akanishika mkono, tukashuka mpaka ziwani. Kulikuwa kumepambazuka lakini maji yalikuwa ya kijivu, mazito, kama yamelala. Nyuma yetu, juu ya vilima, anga lilikuwa limeanza kuwaka.

"Angalia," akasema. "Hapa jua linatoka kwa mgongo. Kwetu Baraka lilikuwa linatoka mule majini, huku upande wenu. Mama alikuwa anawasha moto mlangoni, na moto, na uso wa mama, na maji, yote ilikuwa rangi moja. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi. Miye sikujua kama kuna ingine. Tulipofika huku, jioni ya kwanza, nikaona ile rangi majini, nikamwamsha mdogo wangu nikamwambia amka, kumekucha. Mama akanishika, akasema, hapana, mwanangu, huku hiyo ni giza linaingia."

Akainama, akachovya vidole majini.

"Tangu siku hiyo sijui hiyo nyekundu ni ya kufungua ao ya kufunga. Ndiyo maana naweka manjano chini. Naficha asubuhi humo ndani, nione kama kuna mtu ataisikia."

Mimi nimezaliwa hapa. Nyekundu hiyo nimeiona jioni zote za maisha yangu, na kwangu imekuwa na maana moja tu: tunaitwa ndani, siku imekwisha. Nilikuwa nimeitazama picha yake mwezi baada ya mwezi nikiona machweo ya kwetu, nikimwonea wivu kwa kuyachora kuliko mimi mwenyeji. Kumbe hakuwa ameyachora. Tulisimama ufuko mmoja, mbele ya maji mamoja, na rangi moja ikawa vitu viwili, kwa sababu yeye alilijua ziwa kutoka upande mwingine. Hakuna chupa ya kuchanganyia hicho.

Ungependa nikuambie kwamba wivu uliisha pale. Haukuisha. Ulibadilika ukawa mbaya zaidi kidogo, maana nilijikuta namwonea wivu hata asubuhi yake iliyopotea, na nikaona aibu, nikamwambia. Mapendo akanipiga bega.

"Hata miye nakuonea," akasema. "Mlango wa utoto wako ungali palepale. Ukitaka, unaenda unaugusa. Miye rangi ndiyo mlango wangu."

Nilirudi nikakaa mbele ya kanvasi tupu siku nyingi. Sasa sikuuliza tena Mapendo ana nini. Nilijiuliza mimi nimeona nini ambacho mwingine hakukiona. Nikamkumbuka mama yetu, bibi yako, akianika dagaa ufukweni kule Kibirizi wakati wa mvua za mwanzo. Wamekaa mchangani wanang'aa kama bati jipya. Mvua ikaja ghafla, wanawake wote wakakimbia kuzoa, na mama peke yake akakaa palepale kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, hakusimama, akawatazama dagaa wake wakipoteza mng'ao, wakigeuka rangi ile ya majani makavu. Sikujua wakati huo kwa nini hakusimama. Bado sijui. Nikachora hiyo: fedha inayofifia, na mahali pamoja katikati ambapo haififii.

Ukarani sikwenda. Baba bado anauliza.

Na fundi bomba alirudi, maana bomba lile halikuzibika vizuri. Akapita ndani, akasimama mbele ya ukuta wangu. "Hii ni nini?" Safari hii nilifunga mdomo, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kuchora. Akatazama, akakuna shingo kwa spana. "Sijui," akasema. "Ila ni kama kuna kitu kiliachwa nje, mvua ikakikuta."

Sasa, mwanangu Tausi, ninachotaka kukuambia ni hiki. Usingoje wivu uishe ndipo uende kwa Rehema. Utangoja mpaka mkae eda. Nenda nao ukiwa bado unauma, umpe hongera yake, kisha umuulize kwa dhati: ukisimama pale mbele, unaona nini? Unamfikiria nani? Msikilize mpaka amalize, usitafute chupa chini ya meza yake. Kuna uwezekano atakuambia kitu ambacho huwezi kukichukua hata akikupa, na hapo mikono yako itakuwa huru kutafuta chako. Chako kipo. Kipo mahali ulipokaa mvua inanyesha, ambapo wenzako walikuwa wanakimbia. Na ukikipata, usieleze sana.

Mungu akulainishie ulimi uwe mwepesi wa kuuliza, akupe macho ya kukiona kilicho jikoni kwenu. Akupe marafiki wanaokushinda, na akuache nao muda mrefu. Na siku kazi yako itakapokuaibisha mbele za watu, kwa maana siku hiyo itafika, awepo mmoja pembeni yako wa kuvua mtandio na kufuta.